Carolus Linnaeus na Kiti cha Botania cha Uppsala: Maisha ya Mpa Majina

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa isimu wanapofundishwa uundaji wa istilahi, mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa majina ya kisayansi ya mimea. Mbuyu huitwa Adansonia digitata Dodoma, Dakar na Tokyo. Mkwaju ni Tamarindus indica popote uotapo. Mfumo huu wa maneno mawili umehusishwa na Mswidi mmoja, Carolus Linnaeus (1707–1778), na umezoeleka kuelezwa kana kwamba ulimjia akiwa peke yake mezani pake. Maelezo hayo yana upungufu. Mfumo huo ulikomaa katika kazi za kila siku za kufundisha: katika bustani ya chuo, katika matembezi ya mashambani pamoja na wanafunzi, na katika tasnifu ndogondogo za wanafunzi hao. Kwa sababu hiyo maisha ya Linnaeus yanasimuliwa hapa pamoja na historia ya ufundishaji wa botania katika Chuo Kikuu cha Uppsala.

Ikumbukwe kwamba katika karne ya 18 hapakuwa na idara ya botania kwa maana ya leo. Palikuwa na kitivo cha tiba chenye viti viwili vya uprofesa, na botania ilikuwa sehemu ya kimojawapo. Daktari alitakiwa azijue dawa zake, na dawa nyingi zilikuwa majani, magome na mizizi.

2.0 Bustani Iliyoungua na Mwanafunzi Maskini

Bustani ya Uppsala ilianzishwa mwaka 1655 na Olof Rudbeck Mkubwa, tabibu aliyeandaa kitabu kikubwa cha picha za mimea yote iliyojulikana wakati wake. Mwaka 1702 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na pamoja nao maelfu ya vibao vya mti vilivyokuwa vimechongwa kwa ajili ya picha hizo. Mzee Rudbeck alifariki mwaka huohuo. Mwanawe, Olof Rudbeck Mdogo, aliyekuwa amekirithi kiti, hakuwa na moyo tena wa kuifufua bustani. Badala yake aligeukia lugha, akatumia miaka mingi kutafuta uhusiano baina ya lugha za kaskazini mwa Ulaya na Kiebrania. Botania ilimpoteza mtu hodari, na isimu haikupata faida yoyote.

Linnaeus alizaliwa Mei 1707 kijijini Råshult, katika jimbo la Småland kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa kasisi mpenda bustani. Jina lenyewe la ukoo lilikuwa jipya. Wakulima wa Uswidi wakati huo hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, kama ilivyo desturi ya Waswahili wengi, na Nils alikuwa Nils mwana wa Ingemar. Alipoingia chuo kikuu alihitaji jina la ukoo, akalitunga kwa umbo la Kilatini kutokana na mti mkubwa uitwao lind uliokuwa katika ardhi ya jamaa zake. Hivyo mtu aliyekuja kuipa mimea majina alikuwa mwenyewe amepewa jina na mmea.

Alisoma mwaka mmoja Lund, akahamia Uppsala mwaka 1728. Alikuta bustani imechakaa na mihadhara ya botania ni haba. Fedha zake zilikwisha upesi, na viatu vyake vilipotoboka alivitia karatasi ndani ili soli zisigusane na ardhi. Kilichomwokoa ni bustani hiyohiyo. Mwaka 1729 Olof Celsius, profesa wa theolojia aliyekuwa akiandika habari za mimea ya Biblia, alimkuta kijana huyo akichunguza maua, akamhoji majina yake, akashangazwa na majibu. Alimchukua nyumbani kwake. Mwanzoni mwa mwaka 1730 Linnaeus alimpa mlezi wake mswada mfupi juu ya jinsi mimea inavyozaana kwa viungo vya kiume na vya kike. Mswada huo ulimfikia Rudbeck Mdogo, naye akamkabidhi mwandishi wake kazi ya kuonyesha na kufafanua mimea bustanini, ingawa alikuwa bado mwanafunzi asiye na shahada. Watu walijaa kumsikiliza.

Mwaka 1732 alisafiri peke yake hadi Lapland, nchi ya Wasami. Mwaka 1735 alikwenda Uholanzi kutafuta udaktari, kwa kuwa Waswidi wengi waliupata huko. Chuo kidogo cha Harderwijk kilimtunuku shahada katika muda wa siku chache tu. Tasnifu yake ilihusu chanzo cha homa za vipindi, yaani malaria, naye alidai kwamba chanzo hicho ni makazi yaliyo kwenye udongo wa mfinyanzi. Dai hilo halikuwa sahihi, na itabidi likumbukwe baadaye. Mwaka huohuo alichapisha Leiden Systema Naturae, kurasa chache kubwa zilizopanga madini, mimea na wanyama wote katika majedwali. Mimea aliipanga kwa kuhesabu stameni na pistili za ua. Ilikuwa njia ya kubuni isiyofuata udugu halisi wa mimea, na mwenyewe alilitambua hilo. Lakini mtu yeyote aliyejua kuhesabu aliweza kuitumia, na kwa mwalimu mwenye darasa kubwa hilo si jambo dogo.

Uholanzi alimtumikia tajiri George Clifford, aliyekuwa na bustani yenye mimea ya nchi za joto. Huko, mwaka 1736, aliufanya mgomba utoe maua na ndizi, jambo lililokuwa nadra Ulaya, akaandika kitabu kizima juu ya mgomba huo. Alirudi Uswidi mwaka 1738, akafanya kazi ya udaktari Stockholm, na mwaka uliofuata akamwoa Sara Elisabeth Moraea.

3.0 Profesa wa Uppsala

Mwaka 1741 alipata uprofesa wa tiba Uppsala. Kiti alichopewa hakikuwa cha botania, na mwenzake Nils Rosén, tabibu mashuhuri aliyewahi kuwa hasimu wake, ndiye aliyekuwa na kazi ya bustani. Wawili hao walikubaliana kubadilishana masomo: Rosén achukue anatomia na magonjwa, Linnaeus achukue botania, dawa, lishe na bustani. Vyuo vikuu vimewahi kupata madhara makubwa kutokana na mashindano ya maprofesa. Hapa hasimu wawili waliafikiana, na taaluma mbili zikanufaika.

Kazi ya kwanza ilikuwa bustani. Msanifu Carl Hårleman alichora ramani mpya, ikajengwa nyumba ya kuhifadhia mimea isiyostahimili baridi, na Dietrich Nietzel, mtunza bustani aliyepata kufanya kazi kwa Clifford, alisimamia upandaji. Profesa alihamia na jamaa yake katika nyumba iliyo pembeni mwa bustani hiyo mwaka 1743. Mbegu zilitoka kila pembe ya dunia alikokuwa na rafiki wa kuandikiana barua.

Kazi ya pili ilikuwa matembezi. Siku za Jumamosi, msimu wa kiangazi, profesa aliongoza wanafunzi nje ya mji kwa njia nane zilizojulikana. Idadi yao ilizidi mia pengine. Walivaa nguo nyepesi za namna moja, wakagawana kazi: mmoja aandike, wengine wasimamie nidhamu, wengine walenge ndege. Mahali fulani walipumzika, na profesa akaeleza kila kilichokusanywa. Jioni walirejea mjini kwa pembe na ngoma, hadi bustanini, wakimpigia mwalimu wao vigelegele. Wakuu wa chuo hawakupendezwa na kelele hizo, na mwaka 1748 ikabidi zipunguzwe. Kulikuwa na hoja kwa upande wao, maana mihadhara ya wengine ilibaki na viti vitupu.

Kazi ya tatu, ambayo haisimuliwi sana, ni tasnifu. Kwa desturi ya wakati ule profesa ndiye aliyetoa mada na mara nyingi ndiye aliyetunga maandishi, na mwanafunzi aliyatetea mbele ya hadhara. Chini ya usimamizi wa Linnaeus zilitetewa tasnifu 186. Nyingi ni fupi, na nyingine zina makosa ya wazi. Lakini zikisomwa pamoja zinaonyesha mwalimu na wanafunzi wakiujaribu mfumo katika mambo halisi. Mojawapo, Pan Suecicus ya mwaka 1749, iliyotetewa na Nicolaus Hesselgren, inahusu malisho. Wanafunzi waliwapa ng'ombe, mbuzi, kondoo, farasi na nguruwe mimea mbalimbali, wakaandika ni upi umeliwa na upi umekataliwa. Swali lilikuwa la mchungaji wa kawaida, na jibu lake ndilo lililoufanyia majaribio mfumo wa majina.

4.0 Suala la Majina

Kabla ya hapo jina la kitaalamu la mmea lilikuwa maelezo. Lilianza kwa neno la jenasi, likafuatiwa na sifa za majani, shina na maua zilizotosha kuutenganisha mmea huo na wenzake wote. Linnaeus mwenyewe alikuwa ameweka kanuni kwamba sifa hizo zisizidi maneno kumi na mawili. Tatizo la jina la aina hiyo ni kwamba lilitakiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja, kutaja na kufafanua. Kila spishi mpya ilipogunduliwa, majina ya zamani yalihitaji kuongezwa sifa ili yaendelee kutofautisha. Kwa hiyo jina halikuweza kutulia.

Katika uwanja wa malisho jina la maneno kumi lilikuwa mzigo. Mwanafunzi ana ng'ombe mbele yake, kalamu mkononi na mimea mia kadhaa ya kuorodhesha. Ndipo lilipotumika neno la jenasi pamoja na neno moja tu la kuitambulisha spishi. Linnaeus alikuwa amelijaribu jambo hilo katika faharasa ya safari yake ya kisiwa cha Öland mwaka 1745; katika Pan Suecicus lilitumika kwa mimea mingi mfululizo; na mwaka 1753, katika Species Plantarum, alilieneza kwa spishi zote alizozijua, zikikaribia 6,000. Hata hapo neno fupi liliwekwa pambizoni mwa ukurasa, na maelezo marefu yakabaki mahali pa heshima. Aliliona kama msaada wa kumbukumbu, si jina halisi. Watumiaji ndio walioamua vinginevyo, na mwaka 1905 mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna ulikifanya kitabu hicho kuwa mwanzo rasmi wa majina ya mimea.

Kwa mtazamo wa isimu, hatua hiyo ilikuwa ya kutenganisha kiashirio na ufafanuzi. Wala haikuwa ngeni kwa lugha za watu wa kawaida. Msemaji wa Kiswahili husema embe dodo na embe bolibo: nomino ya jumla, kisha neno la kubagua. Haulizi iwapo neno la pili linaeleza kwa ukamilifu, linatosha likitofautisha. Wakulima wa Uswidi walifanya vivyo hivyo, na Linnaeus aliyajua majina yao, kwani katika Flora Svecica ya mwaka 1745 aliyakusanya kwa majimbo. Ni vigumu kuamini kwamba mazoea hayo hayakumwathiri.

Hata hivyo mtu huyuhuyu ndiye aliyezifungia mlango lugha nyingine. Katika Critica Botanica ya mwaka 1737 aliagiza kwamba jina la jenasi litokane na Kigiriki au Kilatini, na kwamba majina ya lugha nyingine, aliyoyahesabu kuwa ya kishenzi, yakataliwe. Yaliyokwisha zoeleka aliyatafutia asili ya kubuni. Jenasi ya mgomba ni Musa, neno ambalo chanzo chake ni Kiarabu, mauz. Yeye alilihalalisha kwa kulihusisha na Antonius Musa, tabibu wa Kaisari Augusto. Mfaransa Michel Adanson, aliyeishi Senegali miaka ya 1749 hadi 1754, alitaka mbuyu uhifadhi jina lake la baobab; mwaka 1759 Linnaeus aliuita Adansonia, kwa heshima ya mtu aliyekuwa akiupinga mfumo wake. Jina la mkwaju lina kichekesho chake. Tamarindus ni Kiarabu, tamri hindi, yaani tende ya India. Kwa kuongezewa indica, mti huo umekuwa tende ya India ya India. Isitoshe, Tamarindus lina mwishilizo wa kiume lakini limechukua kivumishi cha kike, kwa kuwa Kilatini huyahesabu majina ya miti kuwa ya kike, kama vile kiboko katika Kiswahili lilivyo na umbo la KI-VI lakini likachukua upatanisho wa A-WA.

Madhara ya kupenda kupanga kila kitu yalionekana zaidi alipofika kwa binadamu. Katika Systema Naturae ya mwaka 1758 aliwagawa watu kwa mabara na rangi, akaambatisha kila kundi tabia na namna ya kutawaliwa, Mwafrika akipewa sifa za uvivu na ujanja. Hapakuwa na uchunguzi wowote nyuma ya maneno hayo, kwa maana Afrika hakuwahi kufika. Mtu aliyedai kwamba kila stameni ihesabiwe aliandika hayo kwa kutegemea uvumi wa wasafiri, na karne zilizofuata ziliyatumia vibaya.

5.0 Waliotumwa

Linnaeus hakutoka tena nje ya Uswidi baada ya mwaka 1738. Waliosafiri ni wanafunzi wake kumi na saba, na saba kati yao hawakurudi hai. Christopher Tärnström, aliyeelekea China, alifariki mwaka 1746 katika kisiwa cha Pulo Condore, akaacha mjane na watoto. Mjane alimlaumu profesa, na tangu hapo profesa alipendelea vijana wasiooa. Fredrik Hasselquist alifariki karibu na Izmir mwaka 1752, na vielelezo vyake vikazuiwa kwa ajili ya madeni hadi malkia wa Uswidi alipoyalipa. Pehr Löfling alifia Venezuela mwaka 1756.

Anayestahili kukumbukwa zaidi na wanaisimu ni Pehr Forsskål. Alisoma botania kwa Linnaeus na lugha za Mashariki huko Göttingen. Mwaka 1759 alichapisha kijitabu cha kutetea uhuru wa raia. Serikali ilikipiga marufuku, na Linnaeus, aliyekuwa mkuu wa chuo mwaka huo, aliamriwa azikusanye nakala. Alizipata chache tu, na haielekei kwamba alizitafuta kwa bidii. Mwaka 1761 Forsskål aliondoka na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni. Misri na Yemeni alivaa kama wenyeji, akazungumza nao Kiarabu, akaandika majina ya mimea kama walivyoyatamka. Pale mwalimu wake alipokataza, yeye aliyakubali: Catha kutokana na qat, mmea ambao Wakenya huuita miraa, Suaeda, Cadaba na Maerua nayo ni Kiarabu kilichovikwa miishilizo ya Kilatini. Aliutafuta na kuupata mti wa zeri ya Makka, ambao mwalimu wake alikuwa akiutamani kwa miaka, akampelekea habari zake.

Julai 1763 alifariki Yerim, katika milima ya Yemeni, kwa malaria, homa ileile ambayo tasnifu ya Linnaeus ilikuwa imeihusisha na udongo wa mfinyanzi. Kati ya wasafiri wote alirejea mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyeichapisha kazi ya mwenzake mwaka 1775. Linnaeus alimwekea kumbukumbu kwa mmea wenye vinywele vya kunata, Forsskaolea tenacissima, akiashiria ukaidi wake. Majina ya Kiarabu ya Forsskål yamebaki katika vitabu vya botania hadi leo, na kanuni ya mwaka 1737 haikuweza kuyang'oa.

6.0 Baada ya Bwana

Miaka ya mwisho ya Linnaeus ilikuwa ya huzuni. Alikuwa amepewa ukabaila na jina jipya, Carl von Linné, lakini kuanzia mwaka 1774 alipatwa na kiharusi mara zaidi ya moja. Inasimuliwa kwamba alifikia hali ya kuvisifu vitabu vyake mwenyewe bila kujua ni nani aliyeviandika, na kwamba jina lake pia lilimtoka. Alifariki tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Kiti alikirithi mwanawe, Carl Mdogo, kwa upendeleo ambao wenzake hawakuusahau. Alifariki mwaka 1783 bila mtoto. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba maelfu ya vielelezo vilivyokaushwa, vitabu na barua havikuwa mali ya chuo. Vilikuwa mali ya jamaa. Mjane Sara alikuwa na mabinti wa kutunza, akaviuza mwaka 1784 kwa James Edward Smith, Mwingereza wa miaka ishirini na minne, kwa bei iliyozidi kidogo pauni 1,000. Hadithi ya kwamba meli ya kivita ya Uswidi iliifukuza meli iliyovichukua ni ya kubuni. Haikufukuzwa na mtu yeyote. Smith alianzisha jumuiya ya wanasayansi yenye jina la Linnaeus mwaka 1788, na mpaka leo mtafiti anayetaka kuhakikisha mmea uliokusudiwa na majina mengi ya mwaka 1753 hana budi kuutazama mkusanyo ulioko London.

Carl Peter Thunberg, mwanafunzi aliyerudi salama kutoka Rasi ya Tumaini Jema na Japani, ndiye aliyekishika kiti mwaka 1784. Mwaka uliofuata alikitolea chuo mkusanyo wake mwenyewe. Mwaka 1787 alimshawishi mfalme Gustav III akitoe kiwanja cha bustani ya kasri kwa ajili ya botania, kwa kuwa bustani ya zamani ilikuwa bondeni na yenye maji; jengo la mafunzo lilifunguliwa hapo mwaka 1807, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Linnaeus. Kutoka katika taasisi hiyo alitoka Olov Hedberg, ambaye mwaka 1948 alipanda milima mirefu ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro, Kenya, Elgon na Ruwenzori ikiwa miongoni mwake, akichunguza mimea ya vileleni. Kitabu chake juu ya mimea hiyo kilichapishwa Uppsala mwaka 1957, na kila mmea uliomo una maneno yake mawili.